Bwana Radisson na Ngozi za Biva

Mwezi huu tunapenda kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa askofu, wala mmisionari, wala mtu wa kuchorwa katika dirisha la kanisa. Alikuwa mfanya biashara ya ngozi. Jina lake lilikuwa Pierre-Esprit Radisson, Mfaransa kwa kuzaliwa, naye alifariki London mwaka 1710 akiwa raia wa Uingereza. Katika maisha yake aliwaacha Wafaransa akaenda kwa Waingereza, akawaacha Waingereza akarudi kwa Wafaransa, kisha akawaacha Wafaransa mara ya pili. Wapo wanaomwita msaliti, na wapo wanaomwita shujaa. Sisi tutasimulia yaliyotukia, na pale tutakapokuwa na neno letu hatutalificha.

Kwanza hatuna budi kumtaja mnyama mwenyewe, maana bila yeye habari hizi zote hazina maana. Biva ni mnyama wa mtoni, mwenye meno ya mbele kama ya panya na mkia bapa kama mwiko. Huangusha miti kwa meno yake, akajenga ukuta wa kuzuia maji, na katika bwawa hilo akafanya makao. Chini ya manyoya yake marefu yamo manyoya mengine mafupi na laini sana, ambayo yakikandamizwa kwa maji ya moto na mvuke hushikamana yakawa kitu kimoja kigumu. Mafundi wa Ulaya walifanya kofia kwa manyoya hayo, kofia isiyolegea kwa mvua. Katika miaka ya 1600 kila bwana mwenye heshima zake alitaka kofia ya namna hiyo, nao biva wa Ulaya walikuwa wamewindwa karibu ya kwisha. Lakini Amerika ya Kaskazini walikuwako wengi mno.

Na ajabu ni hii, kwamba ngozi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile iliyochakaa. Wenyeji wa nchi walizishona ngozi kuwa majoho, wakayavaa manyoya yakielekea ndani, mwaka mzima au zaidi, hata manyoya marefu yakang'oka kwa jasho na msuguano, yakabaki yale laini tu. Basi Wazungu walitoa shoka, visu na sufuria za shaba ili wapewe nguo kuukuu. Mapadre Wafaransa waliokaa na wenyeji wameandika kwamba wenyeji waliwacheka wanunuzi hao, wakawaona ni watu wasio na akili ya biashara. Tukiri kwamba walikuwa na sababu ya kucheka.

Wafaransa walijenga Quebec mwaka 1608 juu ya mto St. Lawrence, nao walishirikiana na Waalgonquin na Wahuron. Kusini yao waliishi Wairoquois, mataifa matano yaliyofungana kwa mapatano, nao waliuza ngozi zao kwa Waholanzi wa Fort Orange, mji ambao leo waitwa Albany. Waingereza waliichukua nchi hiyo ya Waholanzi mwaka 1664. Hivyo kila taifa la Ulaya lilikuwa na mto wake na rafiki zake, na vita vya wenyeji na vita vya Wazungu vikachanganyika hata isiwezekane kuvitenganisha.

Ndipo hapo alipofika kijana Radisson. Alizaliwa Ufaransa yapata mwaka 1636, akaenda Canada kama mwaka 1651. Huko Trois-Rivières, kijiji kidogo chenye boma la miti kando ya mto, alikaa na dada yake wa mama mmoja, Marguerite Hayet. Siku moja alitoka na wenzake wawili kwenda kuwinda ndege. Wakagombana njiani, wale wawili wakageuka kurudi, yeye akaendelea peke yake akipiga bata. Alipokuwa anarejea aliwakuta wenzake wamekwisha kuuawa, na kabla hajajua la kufanya akazungukwa na Wamohawk, mmoja katika yale mataifa matano ya Wairoquois.

Hawakumwua. Walimchukua mpaka kijijini kwao, na huko mama mmoja mzee aliyefiwa na mwanawe vitani akamwomba awe mwanawe wa kulea. Akapewa jina la yule marehemu, Orinha. Akavikwa, akalishwa, akapewa dada na ndugu, akajifunza lugha kwa upesi sana. Yeye mwenyewe alipoandika habari hizo baadaye hakuficha ya kwamba mama yule alimpenda kweli.

Hapa ndugu wasomaji tunafika mahali pagumu. Kijana alikwenda kuwinda na Wamohawk watatu, na pamoja nao alikuwako mateka mmoja wa Kialgonquin. Usiku yule Mualgonquin akamshawishi, nao wawili wakawaua wale watatu usingizini. Wakakimbia siku nyingi kwa mtumbwi, wakijificha mchana na kusafiri usiku, hata wakakaribia kabisa Trois-Rivières. Lakini walikamatwa tena. Mualgonquin aliuawa. Radisson alirudishwa akateswa kwa moto na kung'olewa kucha, na kwa desturi alistahili kufa. Aliyemwokoa ni mama yule yule na mumewe, waliotoa mali zao kuwalipa waliofiwa ili damu ya watatu ifunikwe. Tumesoma vitabu vinavyopita hapo upesi, kana kwamba ni mchezo wa kijana shujaa. Sisi hatuwezi kupita upesi. Wale watatu walikula naye chakula kimoja, na wale wazee wawili walimlipia deni ambalo hakuna aliyewadai walilipe.

Hata hivyo mwaka 1653 alitoroka tena, safari hii mpaka kwa Waholanzi wa Fort Orange, nao wakampeleka Amsterdam. Toka huko alivuka mpaka Ufaransa, na mwaka 1654 alifika Canada, mahali ambapo wengi walidhani amekwisha kufa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane hivi.

Alimkuta dada yake ameolewa na mtu mmoja aitwaye Médard Chouart, ambaye watu walimwita Bwana des Groseilliers kwa jina la shamba lake. Shemeji huyu alikuwa mkubwa wake kwa miaka karibu ishirini, naye aliwahi kuwatumikia mapadre Wajesuiti kati ya Wahuron. Kuanzia hapo maisha ya wawili hawa yalifungana kama kamba mbili zilizosokotwa. Groseilliers alikuwa mtu wa mipango na hesabu. Radisson alikuwa mtu wa maneno: alijua kusimama mbele ya wazee wa taifa geni, akatoa zawadi kwa utaratibu uliopasa, akasema kwa mifano kama wasemavyo wao. Katika kazi ile ulimi wa namna hiyo ulifaa kuliko bunduki.

Tusimsifu kupita kiasi, maana alijua pia kuongeza chumvi. Katika maandiko yake anadai kwamba alifuatana na shemeji yake katika safari ya kwanza ya maziwa makubwa, ya 1654 hadi 1656. Lakini imepatikana hati iliyotiwa sahihi yake mwenyewe huko Quebec mwezi wa Novemba 1655. Mtu hawezi kuwa katika mahali pawili.

Safari iliyobadili mambo ilikuwa ile ya 1659. Gavana wa Canada, Bwana d'Argenson, hakutaka mtu kwenda barani bila kibali chake, tena alitaka mtu wake afuatane nao na faida igawanywe nusu kwa nusu. Mashemeji hawakukubali. Usiku wakaingia mtumbwini wakaondoka.

Walikwenda kwa mitumbwi ya gome la mti, myepesi hata watu wawili waweza kuibeba mabegani pale penye maporomoko, wakafika kusini ya Ziwa Superior katika ghuba ya Chequamegon. Hapo wakajenga kibanda cha miti, wakakizungushia kamba ndefu yenye njuga ndogo, ili mtu akija usiku zilie. Hawakuwa na ukuta mwingine. Wenyeji walifurika kutazama, na kila kundi lilipewa zawadi: wanaume visu na shoka, wanawake sindano na vitana, watoto vitu vidogo vya kung'aa.

Kisha likaja baridi lenye njaa. Theluji iliyoanguka ilikuwa laini mno, viatu vya theluji vikazama, na wanyama walisikia hatua za mwindaji kabla hajakaribia. Watu wakala mbwa wao, kisha magome ya miti, kisha ngozi zile zile walizokusudia kuuza, wakizichemsha baada ya kuunguza manyoya. Wengi walikufa. Radisson ameandika njaa ile kwa namna ambayo msomaji huisahau biashara yote akawaona wanadamu tu. Majira yalipogeuka wakaenda kwenye kusanyiko kubwa la mataifa, wakaonana na Wasioux, na Wacree waliotoka kaskazini. Na kwa Wacree walisikia neno lililowakaa moyoni: kwamba biva walio bora kabisa, wenye manyoya mazito kwa sababu ya baridi kali, wako kaskazini, katika nchi ambayo mito yake yashuka kwenye bahari ya chumvi.

Bahari hiyo ni Ghuba ya Hudson. Henry Hudson, baharia Mwingereza, aliingia humo mwaka 1610, na mwaka uliofuata mabaharia wake waliasi wakamwacha katika mashua ndogo afe. Hakuna aliyefikiri kwamba mahali pale pa mauti pafaa kitu. Lakini mashemeji walipiga hesabu. Kutoka Ziwa Superior mpaka Montreal ni safari ya majuma mengi kwa kasia na mabega, tena adui wamevizia njiani. Meli ikiingia katika Ghuba ya Hudson yaweza kupakia mzigo katikati kabisa ya nchi ya ngozi, ikarudi Ulaya moja kwa moja. Jambo ni wazi ukiisha kuelezwa.

Mwaka 1660 walirudi na mitumbwi karibu 60 ya wenyeji, na ngozi zilizokadiriwa kuwa za thamani ya livre 200,000. Kwa miaka kadhaa Wairoquois walikuwa wameziba njia, na koloni lilikuwa karibu kufilisika. Njiani walipita Long Sault, mahali ambapo miezi michache kabla yake kijana Dollard des Ormeaux na wenzake waliuawa na Wairoquois. Watu waliwapokea kwa mizinga na furaha. Gavana naye aliwapokea kwa faini, kwa kuwa waliondoka bila kibali, na baada ya faini ikaja kodi. Groseilliers alivuka bahari mpaka Ufaransa kudai haki yake, akapewa maneno mazuri na mikono mitupu.

Twaona kwamba gavana yule, kwa kutafuta fedha za mwaka mmoja, aliwapotezea Wafaransa nusu ya bara. Maana mashemeji walikwenda Boston kwa Waingereza. Mwaka 1663 walijaribu kuingia ghuba kwa meli ya Boston, lakini nahodha alipoiona barafu akageuza tanga. Kisha Kanali George Cartwright, mmoja wa makamishna wa mfalme wa Uingereza huko Amerika, akawashauri waende London. Walisafiri mwaka 1665. Meli yao ilitekwa na Waholanzi, wakashushwa Hispania, toka huko wakajikokota mpaka Uingereza, wakaikuta London imo katika ile tauni kubwa. Mfalme Charles wa Pili alikuwa amehamia Oxford kukimbia maradhi. Huko Oxford wapiga kasia hawa wawili walisimama mbele ya mfalme wakamsimulia habari za bahari ya kaskazini. Mfalme akaamuru wapewe shilingi 40 kila juma, na binamu yake, Prince Rupert, akalichukua jambo lao kuwa lake.

Tauni, moto wa London wa 1666, na vita na Waholanzi vilichelewesha mambo. Hatimaye mwezi wa Juni 1668 meli mbili ziliondoka Gravesend: Eaglet alimopanda Radisson, na Nonsuch alimopanda Groseilliers, nahodha wake akiwa Zachariah Gillam wa Boston. Zilikuwa meli ndogo ajabu. Nonsuch haikufika hata tani 50. Magharibi ya Ireland dhoruba iliivunja Eaglet vibaya, ikabidi irudi. Radisson akakaa London akiuma vidole, na katika miezi hiyo ya kungoja aliandika habari za safari zake, kwa Kiingereza alichojifunza kwa kusikia, chenye makosa mengi na uhai mwingi. Nonsuch ilifika kusini kabisa ya ghuba, watu wake wakapitisha baridi kwenye mlango wa mto walioupa jina la Rupert, na mwezi wa Oktoba 1669 ilirudi Thames na ngozi zilizouzwa kwa zaidi ya pauni 1,300. Fedha hiyo haikutosha kulipa gharama zote, lakini ilitosha kuthibitisha kwamba mashemeji walisema kweli.

Tarehe 2 Mei 1670 mfalme akatia muhuri hati ya Kampuni ya Hudson's Bay, akaipa nchi yote ambayo mito yake huingia katika ghuba ile. Hakujua ukubwa wake. Ilikuwa karibu kilomita za mraba milioni nne, mara nne na zaidi ya Tanzania nzima. Wenyeji, Wacree na wengineo, hawakuulizwa. Kodi ambayo kampuni ilipaswa kumlipa mfalme ilikuwa kongoni wawili wa nchi ile na biva weusi wawili, tena ni pale tu mfalme atakapoikanyaga nchi hiyo mwenyewe. Babu zetu waliokuja kutawaliwa na kampuni zenye hati za namna hiyo, ya Wajerumani ya 1885 na ya Waingereza ya 1888, wangeitambua kazi hii mara moja.

Katika orodha ya wenye kampuni yalikuwamo majina ya wakuu. Majina ya Radisson na Groseilliers hayakuwamo. Walikuwa watu wa kuajiriwa. Radisson alikwenda ghubani, akafanya kazi, akarudi. Yapata mwaka 1672 alimwoa binti wa Sir John Kirke, mmoja wa wenye kampuni. Sir John huyu alikuwa wa ukoo ule ule wa Kirke ulioiteka Quebec mikononi mwa Wafaransa mwaka 1629. Basi Mfaransa wetu akaingia katika nyumba ya adui wa zamani kwa mlango wa ndoa.

Wafaransa waliiona hasara yao. Padre Charles Albanel, Mjesuiti, alifika ghubani kwa njia ya nchi kavu toka Quebec mwaka 1672, akaja tena 1674, akakamatwa akapelekwa London. Yeye ndiye aliyewashawishi mashemeji kurudi kwa mfalme wao. Walikuwa wameudhika kwa ujira mdogo, na mwaka 1675 walivuka kwenda Ufaransa. Lakini mke wa Radisson alibaki London, na Wafaransa walimwangalia kwa jicho la mashaka. Kazi aliyopata ilikuwa katika jeshi la majini la d'Estrées. Mwaka 1677 jeshi hilo liliwanyang'anya Waholanzi kisiwa cha Gorée, katika pwani ya Senegal, kile kisiwa cha biashara ya watumwa ambacho sisi Waafrika twakijua kwa machungu. Mwaka uliofuata meli nyingi za d'Estrées zilivunjika juu ya miamba ya visiwa vya Aves huko Karibi, na Radisson alitoka salama bila kitu.

Mwaka 1682 mfanya biashara wa Quebec, Aubert de La Chesnaye, alimpa kazi aliyoitaka. Pamoja na shemeji yake, na mpwa wake Jean-Baptiste Chouart, na watu 27, aliingia na meli mbili kuukuu mpaka mto Hayes, magharibi ya ghuba. Mto Hayes na mto Nelson huingia baharini karibu karibu, ulimi mwembamba wa ardhi ukiwatenga. Siku chache hazijapita wakasikia mzinga. Katika mto Nelson ilikuwamo meli ya Boston iliyokuja kwa wizi bila idhini ya kampuni, nahodha wake Benjamin Gillam, mwana wa yule Zachariah wa Nonsuch. Na kabla ya hilo kuisha ikaja meli ya tatu, Prince Rupert, ya kampuni yenyewe, ikimleta Gavana John Bridgar. Na nahodha wake alikuwa Zachariah mwenyewe.

Basi Radisson, mwenye watu wachache, alimwendea kila mmoja akamwambia kwamba ana ngome na jeshi kubwa la Wafaransa. Aliwaonya wasiende huku wala kule. Aliwazuia wasijuane. Hata alimchukua kijana Gillam kwa siri, amevaa nguo za kujibadili, akamwonyesha baba yake, akamrudisha, kwa maana ilimfaa baba na mwana wawe na siri moja ya kumwogopa yeye. Watu wengi wamecheka kwa hadithi hii, nasi tulicheka tulipoisoma mara ya kwanza. Lakini mwezi wa Oktoba barafu iliikokota Prince Rupert mpaka baharini ikazama, na Zachariah Gillam akafa pamoja na mabaharia kadhaa. Wakati wa baridi Radisson aliiteka ngome ya watu wa Boston, kisha akamshika na Gavana Bridgar. Mwaka 1683 alirudi Quebec na meli ya Gillam imejaa ngozi.

Na Quebec ikafanya kama ilivyofanya miaka ishirini na mitatu nyuma. Gavana mpya, La Barre, akamrudishia Gillam meli yake, na watoza kodi wakadai robo ya ngozi. Radisson akaenda Ufaransa kulalamika, akakuta Colbert, waziri mkuu aliyekuwa tegemeo, amekwisha kufariki. Uingereza na Ufaransa zilikuwa katika amani wakati ule, na balozi wa Uingereza mjini Paris, Lord Preston, alikuwa akilia kila siku kwa ajili ya ngome zilizotekwa. Mfalme wa Ufaransa hakutaka kugombana kwa ajili ya mito ya mbali. Radisson akaona kwamba wakubwa wako tayari kumtupa. Mwezi wa Mei 1684 alikuwa London tena, akiapa utii kwa kampuni.

Wakampeleka moja kwa moja mto Hayes. Aliyekuwa akilinda ngome ya Wafaransa huko ni mpwa wake Jean-Baptiste, mtoto wa dada yake, aliyekaa baridi nzima na watu wachache akinunua ngozi na kumngoja mjomba arudi na bendera ya Ufaransa. Mjomba akarudi na bendera ya Uingereza. Alimshawishi kwa maneno, kama alivyojua, na kijana akatoa ngome na maelfu ya ngozi zilizokuwamo. Kisha akachukuliwa London, na huko, ingawa alitaka kurudi kwao, hakuachiliwa.

Tumejaribu kumwelewa Radisson katika mambo mengi. Magavana walimwibia, makampuni yalimtumia, wafalme walimsahau. Mtu wa namna hiyo akihama bwana, hatuoni neno la kumlaumu sana. Lakini mtoto wa dada ni kitu kingine. Katika desturi zetu mjomba ni kimbilio la mpwa. Dada huyo ndiye aliyempokea alipokuwa kijana asiye na kitu. Groseilliers, baba wa kijana, hakumfuata shemeji yake tena London. Alikaa Canada, na ile kamba iliyosokotwa miaka thelathini ikakatika.

Radisson alikaa ghubani kama mkuu wa biashara, akarudi Uingereza kwa mara ya mwisho mwaka 1687, mwaka aliopewa uraia. Wafaransa walikuwa wametoa amri akamatwe popote atakapoonekana, hivyo nyumbani hakukuwa nyumbani tena. Kampuni ilikuwa imemwahidi pauni 100 kwa mwaka, lakini vita vilipoanza na faida kupungua ikakata mpaka 50. Akaishtaki kampuni mahakamani, na baada ya miaka kadhaa akashinda. Jambo la kuchekesha ni kwamba wakati huo huo kampuni ilimhitaji: mwaka 1697 ilitumia ushahidi wake kuthibitisha kwamba Waingereza ndio wenye haki ghubani. Mwaka ule ule d'Iberville, baharia Mfaransa, aliishinda meli ya kivita ya Kiingereza na kuiteka York Fort, kwenye ule ule mto Hayes. Mwaka 1700 Radisson aliomba kazi ya kutunza ghala la kampuni mjini London. Walimnyima.

Alifariki katikati ya mwaka 1710. Miaka mitatu baadaye, kwa mkataba wa Utrecht, Ufaransa iliwaachia Waingereza ghuba yote, na mwaka 1763 ikawaachia Canada nzima. Wacree walipata bunduki, blanketi na sufuria, wakapata pia magonjwa. Ndui ya 1782 iliua sehemu kubwa ya watu wa ghubani. Kampuni iliitoa nchi ile kwa serikali ya Canada mwaka 1870 kwa pauni 300,000, nayo ikawa kampuni ya maduka. Kodi ya biva ililipwa kwa mara ya mwisho mwaka 1970, Malkia Elizabeth alipozuru Winnipeg, naye alipewa biva wawili walio hai. Maduka ya mwisho yalifungwa mwezi wa Juni 2025, miaka 355 baada ya ile hati.

Maandiko aliyoyaandika akingoja Nonsuch irudi yalifika mikononi mwa Samuel Pepys, yakaingia katika maktaba ya Oxford, yakachapishwa kwa mara ya kwanza huko Boston mwaka 1885.

Katika vitabu vya kampuni, mwezi wa Julai 1710, imeandikwa kwamba mjane wa Bwana Radisson alipewa pauni sita kwa njia ya sadaka. Miaka kumi na tisa baadaye, mwaka 1729, mjane huyo alipewa pauni nyingine kumi, kwa kuwa alikuwa mgonjwa na mwenye shida kubwa.